Mwaka wa Spika Kubwa

Kwanza niutoe ujinga wenyewe, tusizungushane. Nilipiga wimbo wa kwenda nyumbani wakati watoto wa chekechea ya mama yangu ndio kwanza wamekaa kunywa uji. Niliupiga kwa makusudi, kwa sauti ya mwisho kabisa ya ile spika, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa ofisi na simu mkononi, tayari kurekodi. Nilitaka video moja tu ya kuchekesha: watoto wenye masharubu ya uji wanaacha vikombe, wanavaa mabegi, wanapanga mstari kama askari wa gwaride kwa sababu spika imesema. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliamini hakuna kazi muhimu duniani kuliko kuwapa watu kitu cha kucheka kwenye stetasi. Video niliipata. Sijawahi kumwonyesha mtu.

Sasa nina kumi na saba, bado niko shule, bado natolewa nje ya darasa mara kwa mara, na najua fika kwamba kumbukumbu za maisha ni kazi ya watu wenye mvi. Lakini mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Domitila, aliyenifundisha kuimba kabla sijajua kufunga viatu, na baada ya maziko tulirudi kwake Masaka, pembezoni mwa Kigali, tukanawa mikono, tukakaa kwenye viti vya plastiki na Fanta mkononi kama inavyokuwa. Watu wakaanza kukumbushana vituko. Mama mmoja akaninyooshea kidole akasema, "Na ile siku ya spika je? Thierry karudi kwenye pikipiki, matope mpaka kwenye meno!" Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, maana kucheka ndiyo kazi yangu na sitaki kufukuzwa kazi. Ila vidole vyangu vilikuwa vimekaza ile chupa mpaka vikauma. Miaka mitatu imepita na hofu ile bado haijapata habari kwamba mambo yaliisha.

Chumba cha kuimbia nakijua tangu kabla ya spika, kwa sababu nami nilipita humo nikiwa na pua inayotiririka. Kilikuwa na mikeka, dirisha moja lisilofunga vizuri, harufu ya udongo na maziwa, na ngoma zimepangwa ukutani kuanzia ile kubwa kutuzidi sisi mpaka kadogo ka kukalia. Mwalimu Domitila alisimama katikati na fimbo ya ngoma, akaimba majina yetu mmoja mmoja kwa Kinyarwanda, na kila aliyetajwa alijibu kwa makofi. Watu waliokuja msibani walisimulia jambo hili kwa macho laini, kana kwamba lilikuwa asali tupu. Mimi nilikuwepo. Ukipiga kofi nje ya mdundo, fimbo ile ile ilikuwa inashuka kwenye vidole vyako, tap, si kwa nguvu, ila kwa uhakika. Nilijifunza mdundo kama mtu anavyojifunza kumkwepa mbwa wa jirani. Na Mama naye, aliyesoma chekechea Bujumbura kwa masista, hakuwa na hadithi tamu zaidi: kinanda kinachokoroma kama mtu mwenye kikohozi, nyimbo za Kifaransa kuhusu theluji ambayo hakuna mtu Bujumbura aliyewahi kuiona, na sista mwenye rula. Kila Mama alipoimba kipande cha nyimbo hizo akiwa jikoni, alikuwa anasugua vidole vyake bila kujua. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, wewe uliimbishwa au ulihojiwa na polisi?" Ananirushia kitambaa cha vyombo.

Basi Mama alipoichukua chekechea ile iwe yake mwenyewe aliapa kwamba hakuna mtoto atakayepigwa vidole kwa ajili ya wimbo. Ndiyo maana alinunua spika. Hilo watu hulisahau. Wanadhani alifuata fasheni tu. Fasheni nayo ilikuwepo, sikatai. Nyumba mpya zilikuwa zinaota Masaka kote, wazazi wapya wanakuja wamevaa tai, wanasimama getini na kuuliza swali moja: "Watoto wanaimba Kiingereza?" Chekechea ya barabara ya chini walikuwa wanaimba Kiingereza mpaka mbuzi wa pale wanajua kuhesabu. Mama akaenda mjini, akarudi nyuma ya pikipiki amekumbatia boksi kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Lilipofunguliwa, likatoka jitu jeusi, refu kuliko watoto wa darasa la chini, lenye taa za bluu na nyekundu zinazozunguka kila linapopiga. Kuanzia siku hiyo kila kitu kilikuwa na wimbo wake ndani ya flashi: wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa kukaa chini, wimbo wa kulala, wimbo wa kwenda nyumbani. Mwanamke fulani wa mbali, mwenye sauti ya furaha isiyochoka, ndiye aliyekuwa anaendesha shule. Watoto walimtii kuliko walivyowahi kumtii mtu mwenye miguu.

Ngoma zikahamia stoo pamoja na mikeka. Mwalimu Domitila akahamia jikoni kukoroga uji, na alihama na mdomo wake wote. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikila ukoko siku aliyotazama spika kwa mara ya kwanza.

"Spesi," akamwambia mama yangu, "hiki kitu iko na macho."

"Ni taa, Mama Domitila."

"Taa gani inaniangalia mpaka mgongoni?"

"Wazazi wanataka Kiingereza. Na watoto wanapenda, si unaona wanavyoruka?"

"Naona. Na uji nao nikoroge kwa Kiingereza?"

Nilicheka mpaka ukoko ukanipalia. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu mwingine chekecheani mle anayeona yale macho. Mimi nilikuwa upande wa spika, kabisa. Shule yetu ikiwa likizo na chekechea ikiendelea, nilikuwa ndiye waziri wake: hakuna mwingine aliyeweza kuunganisha blututhi bila kuita majina ya watakatifu. Mwaka ule nilijiona mtu mkubwa kwa sababu nikibonyeza hapa, watoto wanakaa. Nikibonyeza pale, wanasimama.

Siku yenyewe geti lilikuwa wazi. Lori la mchanga lilikuwa limeingia kwa ajili ya darasa jipya, na Gaspari, mlinzi wetu, alikuwa ameacha kiti chake kwenda kumwelekeza dereva. Mama alikuwa ndani ofisini na mzazi, amenipa mgongo. Uji ulikuwa unatoa mvuke. Nikabonyeza. Ile sauti ikapasua hewa, madirisha yakatetemeka, na watoto wakafanya kile walichofundishwa, vizuri kuliko nilivyotarajia: vikombe chini, mabegi mgongoni, mikono kwenye mabega ya aliye mbele. Nilikuwa nacheka bila sauti, simu inatikisika. Kisha mstari ukaanza kutembea, na haukusimama getini, kwa sababu hakuna aliyekuwa pale kuusimamisha. Nilimwona mtoto wa kwanza akipita pembeni ya lori, wa pili, wa tatu, wote wanaimba kwaheri kwa Kiingereza wakiingia barabarani. Nikabonyeza kuzima. Simu ikaganda. Nikabonyeza tena. Mwanamke wa mbali akaendelea kuwaaga kwa furaha.

Mama alinipita mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Sikuwahi kumwona Mama akikimbia. Mwili wake haukuwa umezoea, mikono ilikuwa inakwenda huku na huku kama anaogelea. Gaspari akachomoa waya ukutani. Dereva wa lori akashuka akatanua mikono barabarani. Wanawake waliokuwa wakilima upande wa pili wakatupa majembe wakaanza kuwakamata watoto kama kuku, "Njoo hapa wewe, njoo!" Tukawarudisha, tukafunga geti, Mama akaita majina. Kila jina lilijibiwa, isipokuwa la Keza.

"Keza," akasema Mama.

Akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini, ya upole, kana kwamba mtoto alikuwa amenuna tu. Keza alikuwa na miaka minne, mdogo kuliko umri wake, mtoto ambaye ukimsalimia anajificha nyuma ya begi. Mwalimu Domitila alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, uji unadondoka kwenye mguu wake, hautazami.

"Nani amepiga ule wimbo?" Mama akauliza.

"Imejipiga, Mama," nikasema. "Blututhi iko na matatizo."

Akaniangalia. Nafikiri ndipo alipojua. Lakini hakuwa na muda wa kujua, alikuwa anampigia simu baba yake mtoto.

Papa Keza alikuwa dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, mwembamba, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi, na kituo chake kilikuwa karibu. Alifika hata hajazima injini. Mama akaanza kueleza, akamkatiza kwa mkono, akanitazama mimi. "Wewe peti, wewe kijana mdogo, mtoto wangu unamfahamu sura? Haya, panda." Akanipa helmeti ya abiria. Ilikuwa na jasho la mtu mwingine, na ndani yake nilikuwa nasikia pumzi yangu tu, hah, hah, kama ya mbwa. Nilishika kizibao chake kwa vidole viwili viwili, maana niliona sina haki ya kumshika mtu huyu kwa mkono mzima.

Tulikwenda kwanza nyumbani kwake, kwa sababu wimbo ulisema nyumbani. Kufuli mlangoni. Mkewe alikuwa sokoni na jirani anayempokea Keza kila mchana hakuwa amerudi bado, mambo yote yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya mchana. Akaita dirishani, akazunguka nyuma, akachungulia hadi kwenye banda la sungura. Kisha tukashuka njia ya mashambani, tukasimama kwa kila mtu mwenye jembe. "Mtoto wa sketi ya bluu, begi jekundu?" "Hapana, papa." "Hapana." Madereva wenzake wawili walikuwa wameenda upande wa barabara kuu, ya malori, na kila simu yake ilipolia nilifumba macho. Njiani alikuwa anazungumza, si na mimi hasa, alikuwa anazungumza tu ili pikipiki isinyamaze. "Ule wimbo wa Kiingereza, mama yake anamwambia, tuimbie. Hataki. Nikamwambia mama yake, mwache, anajifunza kimyakimya, yeye iko na akili. Eti, peti? Iko na akili?" "Sana, papa," nikasema.

Chini kidogo kulikuwa na nyumba inayojengwa, kuta zimefika madirishani, hakuna fundi. Pembeni yake walikuwa wamechimba shimo la choo, refu, limejaa maji ya mvua ya rangi ya chai ya maziwa, na mbao mbili zimewekwa juu eti ndiyo mfuniko. Ukingoni kulikuwa na kandambili moja ya mtoto. Ya waridi. Mimi ndiye niliyeiona. Nilikuwa na uwezo wa kunyamaza, na kwa muda mfupi, nakiri, nilifikiria kunyamaza, kwa sababu nikisema itakuwa kweli. Kisha kidole changu kikaonyesha chenyewe.

Hakuangalia kandambili. Aliangalia shimo, akaingia. Na helmeti yake, na viatu vyake, na simu mfukoni. Maji yakamfika kifuani, akaanza kupapasa chini, anainama mpaka uso unazama, anaibuka, anatema, anapapasa tena. Hakusema jina la mtoto hata mara moja, na huo ukimya ndio ninaousikia mpaka leo nikiwa nimekaa darasani na mwalimu anaongea habari za vitu vingine. Nililala kifudifudi ukingoni, nikanyoosha mikono ndani, sijui ili nimpokee nani. Nilikuwa nasali, mimi ambaye kanisani nafanyia wenzangu sura za padri. Sala yangu haikuwa nzuri. Nilikuwa nasema, asiwe humu, asiwe humu, chukua simu yangu.

"Iko mawe tu," akasema hatimaye. "Mawe na mbao."

Nikamvuta kwa kizibao, tukateleza wote wawili, tukajaa matope. Hapo ndipo alipookota ile kandambili, akaigeuza, akaitazama muda mrefu. "Si yake," akasema. "Yake iko na ua." Akaanza kucheka, akacheka vibaya, kisha akakaa chini kwenye mchanga wa mtu na kushika magoti. Mimi nilisimama. Ningeweza kumwambia pale. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwambia, "Papa, turudi tukaulize, labda wamempata."

Hawakuwa wamempata. Uwanjani Mwalimu Domitila alikuwa amewakalisha watoto kivulini, anawapigia sufuria na kuwaimbia ili wasilie, na walikuwa wanalia hivyo hivyo. Mama aliposikia pikipiki alitoka getini, akatuona tumejaa matope, akashika ukuta. "Bado," akasema Papa Keza haraka, "bado, Mama Thierry, usianguke." Alikuwa amelowa mpaka kichwani. Mama akaniambia nilete shuka la watoto stoo, afunikwe. Nilifurahi kupewa kazi yenye mlango wa kufunga.

Stoo ilikuwa na giza na harufu ya ngozi kavu ya ngoma. Nikafunga mlango, nikaegemea, nikaanza kulia kwa ile sauti mbaya ambayo mtu hukubali tu akiwa peke yake. Na kitu kikasogea. Nyuma ya ngoma kubwa, kwenye mikeka iliyokunjwa, alikuwa amekaa mtoto, begi jekundu tumboni, mikono yote miwili imebana masikio mpaka viwiko vimekutana mbele. Kikombe cha uji kilikuwa pembeni yake, amekinywa chote. Aliniona midomo yangu inasogea. Akaondoa mkono mmoja, kidogo tu.

"Imenyamaza?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, imenyamaza. Akanyoosha kidole upande wa mlango. "Iko inalala?" Nikasema imekufa kabisa. Akafikiria, akaurudisha mkono sikioni, kwa sababu mtoto mwenye akili haamini watu kama mimi. Baadaye walimu walikumbuka kwamba saa nyingi za nyimbo Keza alikuwa "ameenda chooni." Hakuwa ameenda chooni. Mahali pale palikuwa na shimo la mwili wake kwenye mikeka, kama pa kuku anayetaga.

Nilimbeba nje, yeye na shuka. Sitaeleza sauti aliyoitoa baba yake. Alitukumbatia wote wawili pamoja, matope na yote, akawa anapiga mgongo wangu, "Huyu peti ni malaika, Mama Thierry, huyu ni malaika wenu," na mimi nikiwa nimebanwa kwenye shati lake lililolowa nilielewa kwamba nimepona kabisa. Spika ndiyo mkosaji, mimi ndiye shujaa, na Fanta iko njiani. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi; nadhani haukuwa ujasiri, ni hofu iliyojaa mpaka ikamwagika. Nikasema kwenye shati lake, "Papa, ni mimi niliupiga ule wimbo."

Mkono uliokuwa unanipiga mgongo ukatulia.

"Ulipiga ili iwe nini?"

"Kuchekesha."

Akaniachia taratibu, akanitazama, hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayetaka kuelewa bei ya kitu. "Na alicheka nani?" akauliza. Kisha akamfunga Keza mbele yake kwa lile shuka, akawasha pikipiki, akaondoka polepole, polepole kuliko dereva yeyote wa moto niliyewahi kumwona Kigali.

Nikipita chekecheani leo nakuta mambo mengine tena. Kuna mwalimu kijana aliyesomea kazi hii, anawafundisha kwa chupa za plastiki zenye mahindi ndani, na kabla ya kuanza anauliza, "Leo tuimbe kwa sauti ya simba au ya sungura?" na watoto wanapiga kura kama bunge. Ngoma zimerudi, fimbo haishuki kwenye vidole vya mtu. Spika ipo, hutoka siku ya mahafali, watoto wakivaa majoho. Ninasimama mlangoni nikiangalia, nataka kufanya mzaha, na mara nyingi ninaufanya. Lakini macho yangu huwa yanahesabu vichwa, hata siku ambazo hainihusu.

Jioni ya siku ile, watoto wote walipokwisha kuchukuliwa, Mama alikaa uwanjani kwenye kigoda akaosha vikombe vya uji mwenyewe, ingawa haikuwa kazi yake. Nilikaa upande wa pili wa beseni nikavifuta. Nilikuwa nasubiri. Nilikuwa nimeshajipangia adhabu zote, kuanzia simu kuvunjwa mpaka kupelekwa kwa mjomba Bugesera kuchunga ng'ombe, na nilizitaka zote, ningezipokea kwa mikono miwili. Nilisubiri mpaka vikombe vikaisha. Mama akainua uso, vidole vyake vimekunjamana kwa maji, na alichosema nakiandika kama kilivyotoka:

"Wewe umekuwa mjinga asubuhi moja, Thierry. Mimi mwaka mzima huyu mtoto anaziba masikio mbele yangu, na mimi nawaita wazazi waje waone, nawaambia, tazameni Keza anavyocheza na mikono kichwani. Sogeza hilo beseni."